Kompyuta Iliyovaa Sweta

Nyumbani kwetu Rahaleo hakuna kitu kilichowahi kukaa uchi. Redio ilikuwa na kitambaa chake, televisheni chake, jagi la maji lilikuwa na chake chenye shanga pembeni ili upepo usikipeperushe, na makochi yalivikwa mgongoni na mikononi mpaka mgeni akawa anaogopa kuegemea. Vyote alivifuma Mama. Yeye na Baba walitoka Rungwe, kwenye baridi ya kutetemesha meno, Baba alipohamishiwa Mtwara kufundisha sekondari. Mama akaja na sindano yake ya kufumia na mafungu ya nyuzi za sufu, kama vile anapanda juu zaidi mlimani na si kushuka pwani. Majirani zetu Wamakonde walipokuja kutukaribisha waliitazama redio, wakatazamana, wakaangua kicheko.

"Nyie watu wa bara," akasema mmoja wao, "hata redio nnaivalisha sweta!"

Mama alicheka nao. Mwezi haujaisha, jirani yuleyule akaja kuomba afumiwe cha kwake.

Baba alikuwa mwalimu wa hesabu, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kwaya. Jumamosi mchana, jua likiwa limetuchoma mpaka kuku wamelala chini ya mkokoteni, yeye alikuwa kanisani anapanga viti vya mazoezi. Mama aliimba sauti ya pili, na alikuwa anachelewa. Pale ambapo sauti ya pili inatakiwa kuingia, yeye bado anavuta pumzi, anaweka khanga vizuri begani, ndipo anaingia. Na kwa kuwa sauti yake ilikuwa nzito na ya uhakika kuliko za wenzake, wenzake nao wakazoea kumngoja. Baba alikuwa akishusha mikono, kwaya nzima inanyamaza.

"Tumngoje mama wa sauti ya pili," anasema. "Bado hajafika."

Watu wanacheka, Mama anacheka, wimbo unaanza upya, na Mama anachelewa tena palepale. Ugomvi ulihamia nyumbani wakati wa chakula. Baba anagonga meza kwa kijiko kuonyesha mapigo, Mama anamwambia wimbo si hesabu za kidato cha pili, mtu hawezi kuingia kabla pumzi yake haijatimia. Mimi nilikuwa nakula kimya nikisubiri wamalize, na leo natamani nisikie japo robo ya ugomvi ule.

Alipostaafu, Baba alijinunulia kompyuta mpakato iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, nyeusi na nzito, akawekewa programu ya kuandikia muziki. Unaandika nota kwenye kioo, unabonyeza, mashine inakuimbia sauti zote. Baba alifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Mama alizunguka ile mashine mara moja, akaenda kutafuta utepe wake wa kupimia.

Kitambaa alichoifumia kilikuwa cha sufu ya rangi ya waridi, nyuzi mbilimbili, kinene kama kipande cha godoro, pembeni kimezungushiwa maua. Hicho hakikuwa cha kufunika juu. Kilikuwa cha kukalia, ili, kwa maneno yake, meza isiichubue mashine na mashine isiichubue meza. Tangu siku hiyo kompyuta ya Baba haikuguswa na mbao tena.

Mama alitutoka wakati mikorosho inatoa maua. Aliumwa kwa muda, tulijua, na bado hatukuwa tayari. Haujapita mwaka, kiharusi kikampiga Baba upande wa kulia. Miguu ilirudi, ulimi ukarudi, mkono wa kulia haukurudi. Kinanda chake kikabaki ukutani, kimefunikwa kitambaa chake cha bluu, na hakuna aliyethubutu kukifunua mbele yake. Nikahama nyumba niliyopanga karibu na ofisi yangu, nikarudi kwenye chumba changu cha zamani kumwangalia.

Ilibaki kompyuta. Kwa mkono wa kushoto, nota moja baada ya nyingine, Baba alianza tena kuandika. Alikuwa na wimbo wa Pasaka aliouanza wakati Mama bado anaumwa, na sasa alitaka kuumaliza aukabidhi kwa kwaya. Alikuwa na sharti lake la tangu ujana: hampi mtu wimbo ambao yeye mwenyewe hajausikia mzima. Zamani alikuwa anausikia kwenye kinanda. Sasa masikio yake yalikuwa ile mashine, na mashine ilikuwa inakwama.

Sauti ya kwanza iliimba vizuri. Ikifika zamu ya sauti ya pili kuingia, kompyuta inasita, feni inavuma, kioo kinaganda, kisha sauti ya pili inatokea imechelewa, na baada ya hapo zote zinagongana kama masufuria yanayoanguka kabatini. Baba anazima, anasubiri, anaanza upya. Nilikuwa namsikia kutoka jikoni, mstari uleule, mkwamo uleule, na nilikuwa naumia mpaka nikawa nakaanga vitu bila sababu ili kelele za mafuta zifunike.

"Mama," aliniambia siku moja. Baba huniita hivyo tangu nikiwa mdogo. "Nikishindwa kuusikia huu, basi. Nimeacha muziki."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Nikaenda mtaa wa Chuno kumtafuta fundi.

Fundi wetu ni mtu wa makamo ambaye wazee wake walivuka Ruvuma zamani wakitoka Msumbiji, wakalima mpunga Mahurunga. Yeye alikuja mjini kutengeneza redio, na redio zilipoisha kazi akahamia kwenye kompyuta. Alitufahamu vizuri. Kwenye meza ya duka lake redio yake kubwa ilikalia kitambaa cha kijani ambacho Mama alimfumia kama asante.

Alikuja nyumbani, akamwamkia Baba, akaiwasha mashine, akausikiliza wimbo mpaka ulipovunjika. Akafungua ukurasa mmoja na mwingine, akatikisa kichwa.

"Nzee, hii prosesa imechoka," alisema. "Prosesa ndiyo kichwa chake. Umempa ntu mmoja kazi ya watu wanne. Nna mashine nyingine dukani, aina hiihii, kioo chake kimevunjika lakini kichwa chake kina nguvu kuliko hiki. Tunakitoa kule, tunakiweka huku."

"Inawezekana?" Baba aliuliza. "Kichwa cha mwingine?"

"Kwa hizi za zamani inawezekana. Hizi mpya wameshaviunga kabisa, huwezi kung'oa."

Baba alikubali kwa sharti moja, kazi ifanyike pale sebuleni, mbele ya macho yake. Fundi akaja siku ya pili na mkoba wake. Nilitandika gazeti mezani, nikaweka sahani ya korosho za kukaanga pembeni, na Baba akavuta kiti karibu kabisa, kama ndugu wa mgonjwa.

Fundi aligeuza mashine kifudifudi, akatoa betri, akafungua skrubu kwa bisibisi nyembamba akizipanga kwenye kifuniko cha chupa. Chini ya mfuniko kulikuwa na bomba bapa la shaba linalotoka kwenye prosesa kwenda kwenye feni. Alipoinua ile feni, alichomoa bonge la vumbi lililoshikamana kama pamba ya mto. Lilikuwa na wekundu.

"Aa, udongo mwekundu wa Newala huu," akasema fundi.

"Ukivuma upepo unaingia kila mahali," akasema Baba.

Mimi nikasema kweli, nikalitupa kwenye pipa. Watu wazima watatu tulilitazama lile bonge la sufu ya rangi ya waridi, tukakubaliana kuwa ni udongo.

Prosesa yenyewe ilinishangaza kwa udogo. Kibati cha mraba, kinaingia kiganjani na nafasi inabaki. Fundi alifuta dawa ya kupoozea iliyokauka juu yake, akalegeza kishikizo cha soketi, akainyanyua kwa ncha za vidole. Chini yake kulikuwa na pini nyingi nyembamba kama nywele, na alituonya tusipumue karibu. Kisha akaleta ile nyingine, akaangalia alama ya pembe tatu kwenye kona ilingane na alama ya kwenye bodi, akaiachia. Ikakaa yenyewe, bila kulazimishwa. Akakaza kishikizo, akaweka tone jipya la dawa, akarudisha bomba na feni, akazikaza skrubu moja upande huu, nyingine upande wa pili.

"Sali, Mwalimu," akasema, akabonyeza.

Kioo kilibaki cheusi kwa muda ambao mimi niliuona mrefu sana. Kisha kikaja. Fundi akapiga kofi moja la furaha. Na sasa niseme alichofanya baadaye, kwa sababu ndicho kilichotugharimu majuma. Alikunja gazeti, akafuta meza kwa kiganja, akachukua kitambaa cha Mama kutoka kwenye kochi, akakitandika, akanyoosha kila ua la pembeni kwa heshima zote, akaiweka kompyuta juu yake katikati kabisa. Mimi nilimpenda kwa kitendo kile.

Baba akabonyeza wimbo. Sauti ya kwanza ikaingia. Sauti ya pili ikaingia bila kusita. Ya tatu, ya nne. Baba alifungua mdomo, mkono wake wa kushoto ukaanza kupiga mapigo hewani, na mimi nikageukia dirishani kwa sababu macho yalishajaa. Walikuwa wamefika kwenye kiitikio, mahali ambapo hatukuwahi kufika, kioo kikazimika. Fyu! Kimya. Hata taa ya mashine ililala.

"Itakuwa inazoea," fundi alisema.

Haikuzoea. Siku zilizofuata ilikuwa inaimba vizuri kuliko zamani, halafu inakata roho ghafla, mara kwenye kiitikio, mara kabla yake. Fundi alirudi, akafungua tena, akabadilisha dawa, akasema kichwa kipya kina joto zaidi kuliko cha zamani. Akarudisha kila kitu mahali pake, kitambaa na vyote. Mimi uvumilivu ukaniisha. Nilimfuata mpaka mlangoni nikamuuliza kama ametuwekea kichwa cha maiti. Alinijibu kwa upole kwamba kichwa ni kizima, dada, na yeye mwenyewe halali akikifikiria. Upole wake ukanizidishia hasira.

Baba hakugomba. Alifunga mashine, akaipigapiga juu kidogo kama unavyompigapiga mtu aliyejitahidi.

"Nilisikia mpaka kiitikio," alisema. "Inatosha."

Mwalimu mpya wa kwaya alipokuja kuulizia wimbo wa Pasaka, Baba alimwambia watafute wa mtu mwingine. Nilikuwa naweka chai mezani, nikamwaga.

Mama alikuwa na desturi ya kufua vitambaa vyote kwa pamoja Krismasi inapokaribia. Nimeirithi bila kuamua. Jumamosi moja ya Desemba niliamka nikavivua vyote, vya makochi, vya redio, vya televisheni, hata cha kinanda nilikivua Baba akiwa bafuni. Nikainua kompyuta, nikachomoa kile cha waridi, nikairudisha juu ya mbao tupu. Sebule ikabaki kama ya watu wanaohama. Baba alitoka, akatazama huku na huku, akaguna.

"Hata aibu huoni," akasema. "Vitu vyote uchi."

"Vitavaa jioni," nikamjibu, nikatoka na beseni.

Sijui ni upweke au alitaka tu kunikera, aliiwasha kompyuta. Nilikuwa uani nakamua sufu, nikasikia sauti ya kwanza ikianza dirishani. Ikafuata ya pili. Nikasema moyoni, Baba naye, anajitafutia maumivu. Ya tatu ikaingia, ya nne ikaingia, wakapanda kwenye kiitikio. Nikasimama na kitambaa mkononi nikingoja kile kimya. Wakakipita kiitikio. Wakaingia ubeti wa pili ambao sikuwa nimewahi kuusikia maishani mwangu, wakashuka taratibu, wakamaliza. Baba akabonyeza tena. Wakaimba mpaka mwisho tena.

Niliingia ndani mbio, maji yakinichuruzika miguuni. Kitambaa nilichokuwa nimeshika kilikuwa cha waridi. Nilikiinua nimwambie Baba neno, sikumbuki neno gani, na mwanga wa dirisha ukapita ndani yake. Upande mmoja kulikuwa na duara lililokonda, sufu imenyonywa mpaka zimebaki nyuzi. Ukubwa wake ulikuwa uleule wa feni.

Baba alikitazama kitambaa. Akaitazama kompyuta juu ya mbao. Akanitazama mimi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikasema.

"Koma," akasema Baba. "Usimseme."

Lakini midomo ilikuwa inamcheza, na mimi nikaanza, na yeye akafuata, tukacheka mpaka akashika mbavu kwa ule mkono mmoja. Sijui ni lini mara ya mwisho tulikuwa tumecheka hivyo ndani ya nyumba ile. Katikati ya kicheko nikajikuta nalia, na yeye alijua, akaniacha nilie.

Fundi alipofika alipitisha kiganja chini ya mashine, kwenye matundu ya kuvutia hewa, akapiga goti pale chini akacheka peke yake.

"Nzee, tumembadilisha ntu kichwa, kumbe anakabwa na blanketi!"

"Na wewe ndiye uliyemtandikia," nikamkumbusha.

"Mimi na nani, dada? Si nlikuwa hapa wote?"

Kweli tulikuwepo wote, na hakuna aliyeona, kwa sababu kitu kukalia kitambaa kwetu ndivyo kinavyokaa. Fundi alisema prosesa haikupotea bure, ile ya zamani isingeweza kubeba sauti nne hata ingewekwa juu ya barafu. Alisema hivyo akila korosho zetu, na sikutaka kubishana naye. Nilimwomba radhi kwa habari ya maiti. Jioni nilipopita Chuno niliona redio yake bado imekalia cha kijani. Redio haina feni, alinieleza kabla sijauliza.

Vitambaa vingine vilirudi mahali pake siku ileile. Cha waridi kilipokauka nilimpa Baba mkononi, aamue yeye. Alikiweka mapajani, akaulaza juu yake mkono wake wa kulia. Ndipo kilipo mpaka leo, na mkono ule juu yake unakaa na joto.

Kisha akausikiliza wimbo kwa makini, mara hii bila furaha ya kushangaa, kama mwalimu anayesahihisha. Nilikuwa navika mikono ya kochi. Ulipofika mstari wa sauti ya pili, akausimamisha. Akaurudisha, akausikiliza tena, akausimamisha palepale.

"Imewahi," alisema.

"Imeingia kwenye pigo lake, Baba. Ndivyo ulivyoandika."

"Ndiyo. Ndivyo nilivyoandika." Akakigusa kioo pale. "Ilipokuwa inakwama ilikuwa inachelewa hapa. Nilikuwa nagombana nayo. Hivi sasa imewahi, mtu simsikii."

Baba akaisogeza mashine karibu kwenye mbao, akanyoosha kidole cha mkono wa kushoto. Kwenye mstari wa sauti ya pili peke yake, mwanzoni kabisa, akaweka alama ya kunyamaza, fupi, ya pumzi moja, na nota zote zikasogea mbele kuipisha. Akabonyeza. Sauti ya kwanza ikaimba, ikafika mahali pale, ikaendelea peke yake kidogo. Baba alikuwa ameinua mkono hewani, anangoja. Sauti ya pili ikaingia, imechelewa, imetimiza pumzi yake.

"Haya," akasema Baba, akashusha mkono. "Amefika."